Nguzo Shambani: Nani Alitia Sahihi?

Mwezi huu mfuko wetu wa barua umejaa nguzo za stima. Tumechagua barua tano, kutoka Njoro hadi Kisumu, na tumezifupisha bila kugeuza maana. Majina ya walioandika tumeyaweka kando kwa ombi lao.

SWALI: Mhariri, mimi ni mjane na shamba langu la ekari mbili na nusu liko Njoro. Mwezi wa nne nilikuwa Nairobi nikimuuguza binti yangu. Niliporudi nilikuta nguzo tatu za stima zimesimikwa katikati ya mahindi yangu, na ya nne, ile yenye waya wa kukaza, imekaa pale pale nilipopanga kumjengea mwanangu nyumba. Jirani ananiambia kwamba kijana mmoja wa ukoo wetu ndiye aliyetia sahihi karatasi za mwanakandarasi. Kijana huyo hana hata hatua moja ya ardhi katika shamba hilo. Nimepewa ushauri na watu wawili: mmoja ananiambia niende mahakamani moja kwa moja, mwingine ananiambia niazime msumeno. Nifanye nini?

JIBU: Mama, tuanze na msumeno ili tuumalize. Usiuguse. Waya ulio juu ya nguzo hizo unaweza kumuua anayekata na anayetazama, na kuharibu mitambo ya umeme ni kosa la jinai hata kama mitambo yenyewe iliingia shambani mwako kinyume cha sheria. Leo wewe ndiwe mlalamikaji. Ukikata nguzo moja tu, kesho utakuwa mshtakiwa, na hakuna atakayekuuliza tena habari za yule kijana.

Sasa tuje kwenye haki yako, ambayo ni kubwa kuliko unavyodhani. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya kinalinda mali ya kila mtu, na hakiruhusu mtu anyang'anywe ardhi, wala haki iliyo ndani yake, isipokuwa kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki inayolipwa bila kukawia. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imelishusha jambo hilo hadi kwenye nguzo: yeyote anayetaka kupitisha njia ya umeme katika ardhi isiyo yake anatakiwa kwanza aombe ridhaa ya mwenye ardhi, tena amweleze ni kazi gani itakayofanywa na itapita wapi. Ridhaa huja kabla ya shimo kuchimbwa, na sahihi inayotafutwa baada ya nguzo kusimama si ridhaa ambayo sheria hiyo inaizungumzia.

Pengine utaambiwa kwamba walikutafuta wakakukosa. Sheria imelifikiria hilo pia. Mwenye ardhi asipopatikana, anayeomba anatakiwa kutoa ilani ya siku 15, kwa njia zinazojumuisha matangazo katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosomwa nchi nzima na tangazo katika redio inayosikika eneo hilo kwa muda wa wiki mbili. Waulize gazeti gani, na redio ipi. Mtu aliyekwenda Nairobi kumuuguza mwanawe, huku nambari yake ya simu ikiwa kwa jirani na kwa mzee wa kijiji, hajapotea.

Kuhusu yule kijana, sahihi yake inamfunga yeye mwenyewe, haimfungi mwenye hati miliki ambaye hakumtuma. Hata hivyo usitegemee maneno ya jirani peke yake, kwa sababu inawezekana kijana alitia sahihi kama shahidi tu, au kwa ajili ya kipande kingine cha ardhi, na makontrakta wanaokimbizana na tarehe za kumaliza kazi huwa hawatofautishi sana kati ya mwenye shamba na mtu aliyekutwa amesimama shambani. Andika barua kwa kampuni ya umeme kuomba nakala ya fomu ya ridhaa aliyoitia sahihi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari unazozihitaji ili kulinda haki nyingine, na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ombi lako linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Muhuri huo utakufaa baadaye kuliko hasira yote uliyo nayo sasa, na ninakiri kwamba hasira yenyewe ni ya haki.

Kabla ya barua hiyo, kuna jambo moja ambalo limewaaibisha wengi: hakikisha kwamba nguzo zimo shambani mwako. Watu wengi katika mashamba yetu wamesogeza ua au mistari ya mahindi hadi kwenye ardhi ya barabara, na baada ya miaka ishirini wanasahau mpaka ulikuwa wapi. Mlete mpima ardhi mwenye leseni, aonyeshe mawe ya mpaka na aandike umbali wa kila nguzo kutoka kwenye mpaka. Katika hali yako, kwa kuwa nguzo ziko katikati ya mahindi, sidhani utashindwa. Lakini ripoti yake ndiyo itakayozungumza mahali ambapo wewe hutapewa nafasi ya kuzungumza. Pata pia cheti cha upekuzi, yaani karatasi inayoonyesha shamba limesajiliwa kwa jina la nani, kutoka ofisi ya ardhi ya Nakuru, piga picha za nguzo na za mahindi yaliyovunjika, kisha umwombe afisa wa kilimo wa kaunti ndogo aje ahesabu hasara kabla hujavuna wala kulima upya. Mahindi yakishaondolewa, hasara hubaki neno lako dhidi ya neno lao.

Halafu amua unachotaka, maana barua nyingi za malalamiko hushindwa kwa sababu zinalia bila kuomba kitu. Ushauri wangu ni kwamba usidai nguzo zote nne ziondolewe. Sheria hiyo hiyo inayokulinda inasema pia kwamba mwenye ardhi asikatae kutoa ridhaa bila sababu ya maana, na njia inayowapelekea majirani stima haitang'olewa kwa urahisi. Omba mambo mawili: nguzo ya nne na waya wake wa kukaza visogezwe hadi ukingoni kwa gharama yao, kwa sababu viliwekwa bila ridhaa na vinazuia ujenzi, na kwa zile tatu ulipwe fidia ya mazao yaliyoharibiwa na ya ukanda ambao hutaweza tena kujenga juu yake wala kupanda miti mirefu. Ardhi ya chini ya waya inabaki yako, na mahindi na maharagwe utaendelea kupanda, kwa hiyo usitarajie kulipwa bei ya kununua ekari nzima. Wala sheria haikupi kodi ya nguzo ya kila mwezi, ingawa uvumi huo nimeusikia katika masoko mengi.

Mshauri wako wa kwanza, yule wa mahakama, amekosea njia tu. Migogoro ya haki ya njia za umeme huanzia kwa kampuni ya umeme yenyewe kwa maandishi. Usiporidhika, unapeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yaani EPRA, na asiyekubali uamuzi wa Mamlaka hukata rufaa kwa Jopo la Nishati na Petroli ndani ya siku 30. Mahakama ya Mazingira na Ardhi imewarudisha mara nyingi watu walioruka ngazi hizo, si kwa sababu hawakuwa na haki, ila kwa sababu waligonga mlango usiokuwa wao, na baadhi yao wakalipishwa gharama za kesi. Usikawie pia. Madai ya madhara, kuvamiwa ardhi kukiwamo, kwa kawaida huwekewa kikomo cha miaka 3. Mawakili hujenga hoja kwamba nguzo inayoendelea kusimama ni uvamizi unaojirudia kila siku, na hoja hiyo imewahi kukubaliwa, lakini ni afadhali usilazimike kuitumia.

SWALI: Sisi ni ndugu sita tunaoishi Vihiga katika ardhi ya marehemu babu. Hati miliki bado ina jina lake. Tumeambiwa njia kubwa ya umeme, ile yenye minara ya chuma, itapita hapa, na kwamba fidia italipwa kwa mwenye jina kwenye hati. Kaka yetu mkubwa amepata barua ya chifu na anasema hiyo inatosha yeye kutia sahihi na kupokea. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mwambieni kwa upole, kwani huenda naye ameambiwa hivyo na mtu mwingine. Barua ya chifu huwatambulisha warithi ili kesi ya mirathi ianze. Haimpi mtu yeyote mamlaka juu ya mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, sura ya 160, katika kifungu cha 45, inakataza mtu kuishika au kuitumia mali ya marehemu kama yake kabla ya kupewa mamlaka ya kisheria, na anayefanya hivyo anatenda kosa. Anayeweza kutoa ridhaa na kupokea fidia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye naye atawajibika kuzigawa fedha hizo kwa warithi wote, dada zenu walioolewa wakiwamo. Nimeligusia hili la dada kwa makusudi, kwa sababu katika barua yenu mmehesabu ndugu sita na wote sita mmewataja kwa majina ya kiume.

Fungueni kesi ya mirathi sasa, kabla mthamini hajafika. Familia ambazo hati zake bado ziko kwa jina la babu hujikuta zikitazama mradi ukipita na fedha zao zikisubiri mahali fulani, huku ndugu wakigombania nani aende mahakamani. Mkishakubaliana juu ya wasimamizi, pendekezeni wawili badala ya mmoja. Ni ulinzi wa bei nafuu.

Jambo la pili ni ukubwa wa njia yenyewe, kwa kuwa mnara wa chuma si nguzo ya mti. Njia ya kilovolti 132 huhitaji ukanda wa takriban mita 30, na ile ya kilovolti 400 takriban mita 60, ambamo nyumba haziruhusiwi. Vihiga ni kaunti yenye eneo dogo na watu wengi, na ploti ya futi 50 kwa futi 100 ni kama mita 15 kwa mita 30. Ukanda wa mita 30 ukipita hapo unaimeza yote. Kwa hiyo wasimamizi wenu wasikubali fomu inayozungumzia fidia ya mazao tu. Waulize kwanza kama kuna nyumba zitakazohamishwa, makaburi ya wazee yatafanywaje, na kipande kitakachobaki kila upande kitaweza kuishiwa au la. Pale ambapo kinachobaki hakifai kwa matumizi yoyote, jengeni hoja kwamba hasara si ya ukanda peke yake bali ni ya ardhi nzima. Njia za aina hiyo hujengwa na KETRACO, kampuni ya serikali ya gridi kuu, tofauti na nguzo za majumbani ambazo kwa kawaida ni za Kenya Power, au hujengwa na REREC, shirika la serikali la umeme wa vijijini, katika miradi ya vijijini. Muwaulize wanaokuja wanatoka wapi, na mradi ni wa nani, ili msije mkaandika barua mwaka mzima kwa ofisi isiyohusika.

SWALI: Nimekodi ekari tatu karibu na Mumias kwa miaka mitano na nimepanda miwa. Lori lililobeba nguzo lilipita katikati ya miwa ya miezi kumi, na mashimo yakachimbwa juu ya mashina. Mwenye shamba alikuwa amekubali njia ipite na amelipwa kitu kidogo. Mimi naambiwa sina haki kwa sababu ardhi si yangu. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, ndugu. Sheria ya Nishati inamtambua mkaaji na mtu mwingine mwenye maslahi katika ardhi, naye anastahili fidia kwa hasara anayoipata kutokana na ujenzi wa njia, hata pale mwenye hati alipokwisha kutoa ridhaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 nayo, inapozungumzia haki za njia za umma, inamtaja anayeikalia ardhi kihalali kuwa anastahili kulipwa kwa miti, mazao na majengo yaliyoharibiwa. Kilichokubaliwa na mwenye shamba ni njia kupita. Miwa yako hakuwa na uwezo wa kuitoa, kwa sababu si yake.

Hatari yako ni kalenda. Mkaaji anatakiwa kuwasilisha dai lake ndani ya miezi mitatu baada ya ujenzi. Hukutuambia nguzo ziliwekwa lini, kwa hiyo andika barua wiki hii hii, hata kama hesabu ya hasara haijakamilika, na useme ndani yake kwamba hesabu itafuata. Ambatanisha nakala ya mkataba wako wa kukodi. Kama mlikubaliana kwa mdomo, mwombe mwenye shamba aandike na kutia sahihi karatasi inayoeleza mlikubaliana nini, tangu lini na kwa muda gani, na risiti zako za malipo ziunganishwe.

Katika kuhesabu, usikubali kutendewa kama mkulima wa mahindi. Muwa uliovunjwa ukiwa na miezi kumi haujafika kiwandani, kwa hiyo hauna bei ya kuuza, ila una gharama zote za kulima, mbegu, mbolea na palizi ambazo umekwisha kuzilipa. Shina lililochimbuliwa lingekupa mavuno ya kwanza, na baada ya hapo machipukizi yake yangekupa mavuno mengine bila kupanda upya. Mthamini asiyeuliza juu ya machipukizi atakulipa nusu ya hasara, naye hatakuwa amekudhulumu kwa makusudi, hukumwambia tu. Hesabu mistari iliyoharibiwa, pima urefu wake kwa kamba, na mwite afisa wa kilimo aandike umri wa miwa na idadi ya mavuno yaliyotarajiwa ndani ya miaka yako mitano.

SWALI: Nilinunua ploti Ahero mwaka jana. Nguzo ya stima ilikuwamo, na muuzaji akasema itaondolewa. Haikuondolewa. Nimetazama hati yangu na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba kampuni ina haki ya kuweka nguzo hapo. Je, naweza kuwalazimisha waitoe?

JIBU: Kwa hati peke yake, hapana. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, inaorodhesha maslahi yanayoifunga ardhi hata bila ya kuandikwa katika daftari la usajili, na miongoni mwake zimo njia za umeme na nguzo za simu zilizowekwa kwa mamlaka ya sheria. Nguzo uliyoiona kwa macho yako siku ya kununua ulinunua pamoja nayo. Mlango wako ni mmoja tu: kuuliza kama iliwekwa kwa ridhaa ya mwenye ardhi wa wakati ule. Ikiwa iliwekwa kihalali, unaomba ihamishwe kwa gharama yako. Mafundi watakuja kupima na kukupa bei, na bei hiyo huwa nzito zaidi iwapo nguzo imebeba transfoma. Ahadi ya muuzaji, kama imo katika mkataba wa mauzo, mdai yeye. Kama ilisemwa chini ya mwembe, ndugu yangu, sina la kukuongezea.

SWALI: Kwetu Nyalenda, Kisumu, nilikubali nguzo moja ya stima ikae kwenye kona ya ploti. Sasa imejaa nyaya za intaneti za kampuni tatu, na moja inaning'inia hadi usawa wa kichwa cha mtoto. Sikuulizwa. Zinaruhusiwa?

JIBU: Kampuni za intaneti hukodi nafasi kwenye nguzo za umeme, na baina yao jambo hilo ni la kawaida. Swali lililobaki ni lako wewe na ile fomu uliyotia sahihi. Isome tena. Ikiwa uliruhusu njia ya umeme tu, nakushauri udai kwamba ridhaa yako haikuwahusu watu wengine, na uwaandikie wenye nguzo pamoja na kila kampuni ambayo jina lake limo kwenye kibandiko cha waya, na nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo inayowapa leseni. Ikiwa fomu inataja na mawasiliano, ulikwisha kubali, nawe utabaki na lalamiko la usalama peke yake.

Lalamiko hilo la usalama halisubiri barua. Waya unaoning'inia usiusogeze kwa mti wala kwa mkono, hata ukiambiwa kwamba ni wa intaneti na hauna moto, kwa sababu ukigusana na wa umeme huko juu utakuwa na moto kama huo mwingine. Wazuieni watoto wasifike kwenye kona hiyo, kisha piga simu ya Kenya Power, 97771, na uandike nambari ya taarifa utakayopewa.